Difu ya mbele ya pikapu ya fowili: niweke ipi kwa tope la Buchosa?

Msomba_Dagaa (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Nina pikapu ya Land Cruiser, HZJ79, injini 1HZ. Mbele ina ekseli nzima ya gogo moja na springi za koili, haabu, yaani vifungo vya tairi za mbele, ni zile za kuzungusha kwa mkono. Difu, yaani ile gia inayogawa nguvu kwa tairi ya kulia na ya kushoto, ya nyuma ilikuja na difuloki (kufuli ya difu) ya umeme ya kiwandani, nimeipandisha kwenye jeki nikaijaribu, inakamata vizuri. Mbele difu ni ya wazi, ya kawaida kabisa.

Kazi yake ni dagaa. Nashuka mialo ya upande wa Buchosa, napakia magunia usiku, natokea Nyehunge, Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi, Usagara, hadi Mwaloni Kirumba. Zamani nikichelewa nilikuwa nasingizia pantoni. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 kisingizio kimekufa. Mama wa pale sokoni ananipigia saa kumi na moja alfajiri anauliza niko wapi, na mimi niko mahali palepale, kilomita chache kutoka mwaloni, tairi za mbele zimezama.

Masika mbili sasa napambana. Nimeamua kuweka kitu kwenye difu ya mbele. Nimeambiwa mambo manne na watu wanne: mmoja anasema niweke loka (kufuli ya difu) ya upepo, mwingine ile inayojifunga yenyewe, wa tatu ananiambia LSD, difu inayobana kiasi bila kufunga kabisa, inatosha, na fundi wa jirani yangu anasema nimpe gari siku moja tu aichomelee difu, basi. Wajuzi, nipeni mwanga. Hela siyo ya kuchezea.

---

Kijana_wa_Igoma

Nakaa siti ya mbele. Nina Hilux, swali langu litakuja baadaye.

---

Babu_Upepo

Mkuu, kabla hujanunua chuma toa upepo. Upepo ni bure. Unatembea na psi ngapi?

Wengi hapa wanapakia tani na nusu, wanajaza tairi mpaka inakuwa kama jiwe la Bismarck, halafu wanalalamika gari haina mshiko. Mimi nikifika mchanga wa mwaloni nashusha hadi 20 mbele. Tairi inalala, inakuwa ndefu kama kiatu cha mvuvi. Nikirudi barabara ngumu najaza kwa kompresa ndogo ya betri.

Na tairi zenyewe ni za aina gani?

---

Msomba_Dagaa

Babu shikamoo. Tairi ni za tope, bado mpya, zina msimu mmoja. Upepo nashusha, siyo mgeni. Mchangani sina shida kabisa, shida ni tope.

Ngoja niwaeleze panaponikamata maana naona itasaidia. Kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni mbuga, udongo mweusi, mvua ikinyesha unajaza meno yote ya tairi ndani ya mizunguko miwili, tairi inakuwa kama andazi. Nafunga difuloki ya nyuma, nyuma inasukuma, lakini pua ya gari inalima. Tairi moja ya mbele inazunguka, nyingine imetulia kama haihusiki.

Ya pili ni kilima kidogo cha mawe ukitoka mwaloni. Pale maji yamechimba korongo katikati, tairi ya mbele kushoto inaninginia.

---

Fundi_Nyakato

Umeeleza vizuri, maana hizo sehemu mbili zina majibu mawili tofauti. Nitaandika kirefu, mnivumilie. Nimefungua difu kwa miaka mingi na kitu kinachonichosha siyo chuma, ni maneno ya vijiweni.

La kwanza. Watu husema difu ya wazi "inapeleka nguvu kwenye tairi inayoteleza". Siyo hivyo. Difu ya wazi inagawa nguvu ya msokoto sawa kwa sawa, kulia na kushoto, muda wote. Tatizo ni kwamba tairi iliyo kwenye tope haiwezi kupokea nguvu nyingi, na ile ya pili inapewa kiasi kilekile, haipewi zaidi. Tuseme tairi ya kulia iko kwenye uteute na inaweza kushika 20 tu. Ya kushoto iko kwenye jiwe kavu, ingeweza kushika 100. Difu ya wazi itaipa kushoto 20. Jumla 40. Gari halitoki, na wewe unaona moja inazunguka nyingine imesimama.

Sasa LSD. Jina hilo linabeba vitu viwili ambavyo havifanani, na hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna ya pleti za klachi, ambayo pleti zinabanwa na springi pamoja na msukumo wa gia. Inahitaji oili yenye dawa yake maalumu, la sivyo inagugumia kwenye kona, na pleti zinaisha. Ikiisha unabaki na difu ya wazi uliyoinunua kwa bei ya LSD. Kwa mbele sikushauri. Inavuta usukani hata pale usipoihitaji.

Ya pili ni ya meno ya msokoto. Haina pleti. Ndani kuna gia ndogo zilizokatwa meno ya mshazari, ukikanyaga mafuta zinajikandamiza kwenye kuta za nyumba yake, msuguano huo ndio unaoizuia tairi moja isitoroke. Wazo lenyewe ni la zamani, Mmarekani Vernon Gleasman alipata hakimiliki ya uvumbuzi wa difu ya Torsen mwaka 1958. Truetrac ya Eaton iko kwenye ukoo huohuo. Hii hufanya hesabu ya kuzidisha. Kama uwiano wake ni 3 kwa 1, basi tairi ya tope ikishika 20, ya kwenye jiwe inapewa 60. Jumla 80. Mara mbili ya difu ya wazi, na usukani wako bado ni usukani.

Lakini sikiliza: sifuri mara tatu ni sifuri. Tairi ikiwa hewani kabisa, haina cha kuzidisha. Utasimama pale na difu yako ya gharama. Dawa yake ni kugusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku unakanyaga mafuta taratibu. Breki inaipa ile tairi ya hewani mzigo wa uongo, difu inapata namba ya kuzidisha. Inahitaji mazoezi, na klachi ukiwa umeshaiachia.

Loka ni jambo lingine. Loka ikifunga, kulia na kushoto ni shafti moja. Ya jiwe inachukua yote inayoweza. Lakini fikiria upande wa pili wa shilingi: kwenye difu ya wazi shafti ya tairi moja haibebi zaidi ya nusu. Ukifunga, shafti moja inaweza kubeba nguvu yote ya injini iliyozidishwa na L4, ile gia nzito ya fowili. Na ya mbele, tofauti na ya nyuma, ina goti, yaani kiungo kinachokunja tairi inapokata kona. Usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, lile goti ni dhaifu kuliko likiwa limenyooka.

Nikirudi kutoka kula nitaendelea.

---

Chuma_Hakidanganyi

Maneno mengi. Chomelea hiyo difu, bei yake ni vijiti vya welding na soda ya fundi. Haabu si za mkono? Ukifika lami unafungua haabu, difu ya mbele haizunguki, hakuna anayejua kama imechomelewa. Nimeendesha hivyo.

---

Dereva_Mstaafu

Chuma, uliendesha hivyo kwa muda gani? Na wapi?

Niliwahi kupewa gari ya mradi fulani, fundi wao alikuwa amechomelea ya mbele. Hakuna aliyeniambia. Siku ya kwanza kwenye kokoto nilidhani pampu ya usukani imekufa. Kona ya kawaida nilikuwa naikata kwa riversi mbili. Siku ya tatu tulikuwa kwenye kilima cha mawe, usukani nimeumaliza kulia, L4, gia ya kwanza, nikaongeza mafuta. Nilisikia mlio kama mtu amevunja muwa kwenye goti. Goti la kulia lilipasuka, vipande vikazunguka ndani ya mpira wa grisi, haabu ikajifunga. Tulilala pale tukila mihogo ya watu.

Kwenye kuchomelea hakuna kitufe cha kuzima. Unapohitaji sana kukata kona ni palepale porini ambapo haabu zimefungwa. Hoja ya haabu inakusaidia lamini tu, na lamini hukuwa na shida.

---

Chuma_Hakidanganyi

Hiyo ni mguu mzito wa dereva, siyo kosa la welding.

---

Dereva_Mstaafu

Yote mawili, kijana wangu. Mguu wangu nilikuwa nao miaka 30 kabla ya siku ile na haukuvunja goti.

---

Mbuga_Nyeusi

Salaam kutoka Magu. Mimi nina kitu ambacho wengine wanakisimulia tu: loka inayojifunga yenyewe, mbele, kwenye pikapu ya ekseli nzima. Ni ile ndogo inayoingia ndani ya nyumba ya difu ileile, unatoa gia za buibui (zile gia ndogo za katikati ya difu) unaweka yenyewe. Fundi hakugusa krauni (gia kubwa ya difu) wala pinioni (ndogo inayoizungusha), kwa hiyo hakuna habari ya kupima upya. Ndiyo faida yake kubwa, na ndiyo maana bei ni nafuu.

Inavyofanya kazi: ukikanyaga mafuta inashika pande zote mbili. Ukikata kona, tairi ya nje inataka kukimbia kuliko ya ndani, inajiachia kwa kelele, ka-ka-ka-ka, kama mtoto anapitisha kijiti kwenye uzio wa mabati. Ukiwa kwenye mafuta katikati ya kona, gari inataka kunyooka. Unaachia mafuta, inakata. Unakanyaga, inanyooka. Unazoea, lakini mke wangu aliendesha mara moja akasema gari ina pepo.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla. Barabara zetu za udongo zimeinuliwa mgongo katikati, mitaro huku na huku. Mvua ikinyesha ule mgongo unakuwa sabuni. Kwa difu ya wazi tairi moja ya mbele inateleza, ya pili haizunguki kwa fujo, kwa hiyo bado inashikilia pua isitereme kando. Kwa difu iliyofunga, zote mbili zinachimba kwa pamoja, na tairi inayochimba haina mshiko wa pembeni hata chembe. Pua inateremka taratibu kwenye mtaro, unageuza usukani, hausikilizi, unaongeza mafuta, inaharakisha kwenda mtaroni. Nimeingia mtaro huo mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na magunia ya mpunga ya mtu.

Kwenye mbuga tambarare, hiyo loka ni mfalme, sitaki kudanganya. Inalima kama trekta. Lakini kila nikiona mgongo wa barabara ulioloa, natamani ningekuwa na kitufe cha kuizima.

---

Babu_Upepo

Mbuga_Nyeusi umesema neno. Ndiyo maana wazee wa Kisukuma walipa udongo majina. Juu mlimani ni luseni, mchanga, unapita hata na baiskeli. Katikati itogolo, ngumu kama sakafu kiangazi na inateleza masika. Chini mbuga. Mtu anauliza "difu gani" bila kusema anapita udongo gani ni kama kuuliza bei ya samaki bila kusema ni sangara au furu.

---

Fundi_Nyakato

Nimerudi. Hilo la mgongo wa barabara ndilo nilitaka kulifikia, amenitangulia na amelieleza kwa magunia ya mpunga, mimi ningelieleza kwa mchoro.

Angalieni hata wenye kiwanda. Zile Land Cruiser zilizokuja na difuloki mbele na nyuma zina swichi ya kuzungusha. Hatua ya kwanza inafunga nyuma. Hatua ya pili inafunga mbele na nyuma. Hakuna hatua ya kufunga mbele peke yake. Na loka za upepo za ARB ya Australia, nyaya zake zinaunganishwa hivyohivyo, swichi ya mbele inapata moto kupitia ya nyuma. Ya mbele ni ya mwisho, ya dakika mbili, halafu unazima.

Kwa hiyo loka yoyote ya mbele iwe ya kuamrishwa. Ya upepo au ya umeme. Inapozimwa ni difu ya wazi ya kawaida, usukani mwepesi, hakuna pepo. Gharama ni kubwa maana unabadilisha nyumba yote ya difu, krauni inahamishwa, na lazima upime upya.

---

Kijana_wa_Igoma

Swali langu sasa. Hilux yangu mbele haina ekseli nzima, ina shafti mbili zinazocheza. Naweza kuweka loka?

---

Fundi_Nyakato

Unaweza, lakini wewe ndiye ningekuambia ya meno ya msokoto na nikafunga mdomo. Difu yako ya mbele ni ndogo, shafti ni nyembamba, na springi inapopanda na kushuka viungo vinakunja hata kama usukani umenyooka. Kufunga kwa nguvu kule mbele ni kutafuta spea. Kwanza nyuma yako ina nini?

---

Kijana_wa_Igoma

Nyuma ya wazi.

---

Dereva_Mstaafu

Basi funga ya nyuma kwanza, ya mbele iache. Mzigo uko nyuma, na ukipanda kilima uzito wote unalala nyuma. Uzi huu ni wa mtu ambaye nyuma ameshamaliza.

---

Mwanamke_na_Spana

Naona wanaume mnajibu kila kitu isipokuwa mazingira ya gari lenyewe. Hili gari linabeba dagaa. Nani amewahi kuweka bomba la upepo la plastiki chini ya gari linalonuka dagaa, likalala nje usiku?

Panya, ndugu zangu. Nilikuwa na loka ya upepo nyuma, bomba la milimita chache tu, lilipitishwa juu ya chasisi. Panya alilikata mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Unabonyeza kitufe, kompresa inaunguruma haizimi, taa inawaka, unaamini umefunga, kumbe upepo unatokea kwenye tundu la jino la panya. Kompresa inatakiwa kufika karibu psi 100 inyamaze. Isiponyamaza, usiingie tope.

Sisemi loka ya upepo ni mbaya. Nimelipitisha upya ndani ya ganda la chuma, linafanya kazi. Nasema tu kwamba kila kitu chenye bomba, waya, swichi na sili kinahitaji mwenye gari anayelala chini ya gari. Msomba_Dagaa, wewe unalala chini ya gari?

---

Msomba_Dagaa

Dada, mimi nalala ndani ya gari, foleni ya kupakia ikiwa ndefu. Chini sijawahi.

Umenichekesha lakini umenigusa. Panya nilionao wananijua kwa jina.

---

Mwanamke_na_Spana

Basi jibu unalo nusu. Na kabla ya difu yoyote, pandisha pumulio la ekseli. Ni kile kijipu cha chuma juu ya gogo. Ekseli ikiwa ya moto ukaingia kwenye maji, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, inavuta. Pumulio likiwa limeziba kwa tope itavuta maji kupitia sili. Mwezi mmoja baadaye unafungua nati unakuta oili imekuwa chai ya maziwa. Weka mpira, upeleke juu hadi kwenye boneti, karibu na mkonga wa kuvutia hewa ya injini. Hiyo ni kazi ya jioni moja.

---

Chuma_Hakidanganyi

Kwa hela ya loka ya mbele si bora anunue winchi? Winchi haina panya.

---

Dereva_Mstaafu

Leo umesema kitu, Chuma. Mimi ningekuwa na hela ya kitu kimoja ningefikiria winchi sana. Shida ya mwaloni hakuna mti. Utazika tairi la akiba mchangani kama nanga, nusu saa unachimba na jembe. Kwenye kile kilima cha mawe yuko sawa, utafunga waya kwenye jiwe, Mwanza mawe hatununui. Lakini huwezi kuvuta winchi kila baada ya mita 50 katika mbuga ya kilomita mbili huku mama wa sokoni anapiga simu.

---

Mbuga_Nyeusi

Naomba nimuulize mwenye uzi swali la mwisho, maana ndilo litakaloamua. Kati ya mbuga na lile korongo la kilimani, unakwama wapi mara nyingi? Siyo pabaya zaidi. Mara nyingi.

---

Msomba_Dagaa

Mbuga. Kwenye kumi, nane au tisa. Korongoni nikipatia njia ya kulia, napita.

---

Fundi_Nyakato

Basi usitumie hela ya loka kwa tairi inayoninginia mara moja kwa mwezi. Mbuga tairi haiko hewani. Iko kwenye uteute, ina 20 zake. Meno ya msokoto yatakuzidishia hizo 20 kila sekunde bila wewe kubonyeza kitu, na kwenye mgongo wa barabara hayatakufungia zote mbili zichimbe pamoja kama loka. Nyuma una difuloki ya kiwandani. Korongoni unafunga nyuma, unagusa breki, unapita.

Nasema hivi nikijua kuna mafundi watanipinga. Mtu wa mawe matupu, wa kupanda majabali kwa starehe, ningemwambia loka ya upepo bila kusita.

Sasa mambo ya kununua. Usiagize kwa kutaja "Land Cruiser pikapu". Watakuletea ya modeli ya 75 au ya nyuma. Ya mbele kwenye 79 ni inchi 8, ya kupinduka, pinioni iko juu. Ya nyuma ni kubwa zaidi, haziingiliani. Hesabu meno ya ncha ya ekseli kabla ya kulipa. Ukitaka kujua uwiano bila kufungua: funga haabu, lever H2 (fowili imezimwa), pandisha tairi moja tu ya mbele, ya pili ibaki chini. Zungusha iliyo juu mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu mizunguko ya propela, ile shafti ndefu inayoingia kwenye difu. Akihesabu nne na kidogo, ndiyo 4.1 au jirani yake. Mbele na nyuma lazima zilingane, la sivyo ukiingiza fowili gia boksi ya pili, ile ya kugawa nguvu mbele na nyuma, inajitafuna.

Na hii siyo ile ndogo ya Mbuga_Nyeusi. Inabadilisha nyumba nzima, krauni inafunguliwa. Fundi asiyekuwa na saa ya kupimia mchezo wa krauni na pinioni, asiyepaka rangi kwenye meno aone yanagusana wapi, mshukuru, mlipe nauli, aende. Difu iliyopimwa kwa kutikisa na kidole italia kama mbwa kabla hujafika Misungwi.

Ukiifungua hivyo, badilisha sili za ndani za ekseli wakati huohuo. Oili ya difu ikipita sili inaingia kwenye magoti, inayeyusha grisi, goti linasagika. Ukiona mzunguko wa nyuma ya tairi umelowa uji mweusi, ndiyo huo. Oili weka GL-5 80W-90 ya kawaida, ile dawa ya LSD usiweke. Dawa inaondoa msuguano, na wewe umenunua msuguano.

---

Babu_Upepo

"Umenunua msuguano." Naenda kulala nalo.

---

Msomba_Dagaa (wiki saba baadaye)

Wakuu, nilisema nitarudi. Samahani kwa ukimya, difu ilichelewa njiani na nilipoipata ilikuwa ya ekseli nyingine. Ilibidi irudi. Fundi_Nyakato asante kwa kuniambia kuhesabu meno, maana muuzaji alikuwa ananisukuma nifunge tu, eti "zote sawa".

Niliweka ya meno ya msokoto. Sili mpya pande zote mbili, grisi mpya kwenye magoti, pumulio limepanda hadi kwenye mkonga. Fundi alikuwa na saa, alipaka rangi, alifungua na kufunga mara nne mpaka nikaanza kuona aibu kumharakisha.

Mvua za wiki iliyopita nilipita mbuga nikiwa na mzigo. Sikuamini mara ya kwanza kwa sababu hakuna kilichotokea. Nilikuwa nasubiri ile pua kulima, ikawa gari linatembea tu, polepole, L4 gia ya pili, tope linarukia kioo. Usukani unaganda kidogo ukikanyaga mafuta, ukiachia unalegea. Kwenye mgongo wa barabara niliserereka mara moja, nikaachia mafuta, ikarudi.

Korongoni ilinishinda siku ya kwanza. Tairi ya kushoto hewani, nikagusa breki kwa mguu wa kushoto, mguu ule haujawahi kugusa breki maisha yake yote, ukakanyaga kama unakanyaga klachi. Gari ikazima, utingo akagonga kichwa. Siku ya pili nilifanya mazoezi kwanza uwanjani. Ikapita kwa shida, lakini ikapita.

Nimefika Kirumba jua halijatoka. Mama wa sokoni amesema dagaa wa leo wana mchanga.

---

Mwanamke_na_Spana

Hongera. Baada ya kilomita chache za mwanzo mwaga oili uangalie sumaku ya nati. Unga mwembamba wa chuma ni sawa, vipande si sawa.

---

Mbuga_Nyeusi

Mkuu, ile difu yako ya wazi ya zamani uliitupa wapi? Kama krauni ulihamisha, gia za buibui bado unazo? Nataka kurudisha zangu.

---

Msomba_Dagaa

Ziko kwenye ndoo ya oili nyumbani. Lakini pima kwanza, yako ni ya mwaka gani?